Viti Kumi na Kimoja

Wifi alinipa mwezi mmoja, na alinipa kwa upole, jambo lililoniudhi kuliko kama angenifokea. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake karibu na mlango wa karakana, daftari la oda magotini, akaniambia kwamba bosi wake wa zamani amempigia simu. Kule masijala, alikopanga mafaili kwa miaka tisa kabla hajaja kufanya kazi na mimi, nafasi yake iko wazi tena.

"Sijamkubalia," alisema. "Lakini wifi, mwaka wa pili huu, na sijawahi kuijua wiki ijayo. Mteja akiniuliza kochi lake litakuwa tayari lini, namtumbulia macho kama ameniuliza siku ya kiyama. Niwekee lengo. Moja tu, linaloeleweka, tulifuate mpaka mwisho wa mwezi. Tukiweza, nabaki. Tukishindwa, narudi kwenye mafaili yangu na tutabaki mawifi kama zamani."

Hilo la mwisho lilikuwa tishio tosha, kwa sababu zamani hatukupikika chungu kimoja. Ni hii karakana iliyotupatanisha. Yeye anapokea wateja, ananunua vitambaa na sponji, anapanga tarehe. Mimi navisha upya viti na makochi. Bila yeye nisingekuwa na biashara, ningekuwa na chumba kilichojaa mali za watu.

Nilitaka kumjibu ovyo. Kisha nikageuka nikaona makochi saba yamepangwa ukutani, yote uchi, mbao na springi nje, hakuna hata moja lililovishwa. Ndivyo nilivyo. Kuvua ndiko kutamu. Unashika koleo, unang'oa pini moja baada ya nyingine, kitambaa cha zamani kinaachia, na ndani unakutana na vifungo, vichana, vijiko, na aibu zote za fundi wa kwanza aliyejaza magunia badala ya sponji. Kochi likishakuwa uchi limeshaniambia siri zake, na mimi mapenzi yameisha. Hapo mlangoni linaingia jingine. Mtaani wananiita Dakika Tano, kwa sababu hilo ndilo jibu langu kwa kila mteja, na kwa haki kabisa sijawahi kulisema nikiwa nadanganya. Kila mara naona kabisa kwamba zimebaki dakika tano.

Jina halisi la tatizo langu nililipata nikiwa na miaka thelathini na tisa, na sikulifuata mimi. Tulimpeleka binti yetu kwa daktari baada ya mwalimu wake kusema mtoto anaondoka darasani huku amekaa kwenye kiti. Daktari alimhoji saa nzima, kisha akatuuliza, mimi na mume wangu, kama nyumbani yuko mwingine wa namna hiyo. Mume wangu ni mpole, hapendi ugomvi. Alinyoosha mdomo wake upande wangu, basi. Wiki mbili baadaye nami nilikuwa na karatasi yangu: upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza. Utundu, kwa mama mwenye mvi. Daktari alisema ubongo wangu si mvivu, ila hauna breki wala saa, na kwamba mtu mwenye biashara kama mimi ajiwekee malengo madogo atakayoyamudu mwaka mzima, kisha ayaandike. Niliyaandika. Karatasi nimeipoteza mara tatu.

Basi siku mbili baada ya wifi kunipa huo mwezi wake, ikatokea siku ile.

Kulikuwa na viti kumi na viwili vya chumba cha walimu wa shule ya jirani, vimekaa kwetu tangu muhula uliopita. Asubuhi nilishika kimoja nikiwa na hasira tu. Sijui nini kilitokea. Mikono ilikwenda yenyewe. Kikalio, yaani ule ubao wenye sponji ambao mtu anaukalia, nakitoa, nakivua, nakivisha, nakifunga skrubu nne, natupa macho kwenye kinachofuata. Sikula. Sikunywa hata maji. Mtu angeniambia nyumba yangu inaungua ningemwambia dakika tano. Jua lilipoanza kulala nilikuwa nimemaliza viti kumi na kimoja, na cha kumi na mbili kiliniponyoka kwa sababu tu kitambaa kiliisha.

Wifi alitoka kwa wasambazaji wa sponji akanikuta nimekaa sakafuni, natabasamu kama mtu aliyekunywa. Alivipita viti vile kimoja kimoja, akavibonyeza, akavipindua chini juu kutazama pini. Hakupata kasoro. Akachukua chaki, akaandika ukutani juu ya cherehani: 11.

"Kumbe unaweza," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake siku nyingi.

Hapo hapo, kabla chaki haijafutika vidoleni mwake, akaingia meneja wa ukumbi mkubwa wa mikutano ulio upande wa pili wa barabara. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka mkunjo unakata. Alikuwa na viti mia mbili na sitini vya mbao vilivyochakaa, na mkutano mkubwa mwishoni mwa mwezi. Aliviona vile kumi na kimoja vimepangwa mstari, akapenda.

"Kwa siku mnafanya vingapi?" aliuliza.

"Kumi na kimoja," nilisema.

Wifi aligeuka akanitazama. "Una uhakika?"

"Si umeona mwenyewe?"

Alikuwa ameona. Hapo ndipo ninapomwonea huruma mpaka leo. Yeye ni mtu wa masijala, anaamini kilicho mbele ya macho, na mbele ya macho yake palikuwa na viti kumi na kimoja. Akafungua daftari akapiga hesabu: siku ishirini na nne za kazi, mara kumi na moja. Vinatosha, na vinne vinazidi. Akaandika lengo letu la kwanza kwa wino, akalipigia mstari chini. Meneja akashikana mikono na sisi wote wawili. Mimi nilikuwa bado ninawaka. Kama angeuliza, ningemwambia na mapazia tunashona.

Asubuhi lori likaleta viti. Vilishushwa na kubebanishwa, miguu juu ya vikalio, mpaka vikagusa dari. Karakana yetu ni chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo. Viti vilikula sakafu yote, vikabakiza njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani, na pale mbele ya cherehani nafasi ya kunyoosha mikono. Nilipokaa kufanya kazi, miguu ya viti ilinigusa mgongoni. Nikisogea nyuma, ilinichoma. Nikawa nakaa wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Siku ya kwanza nilifanya vitatu. Ya pili, vinne. Ya tatu nilitoka kwenda kununua uzi, nikarudi alasiri na mashine mbovu ya kujazia mito, niliyoipata kwa bei ya kutupa, pamoja na mpango kamili wa kuanzisha mito. Uzi niliusahau. Nilifanya viti viwili. Wifi alihamisha tu ile namba kwenye ukurasa unaofuata, na chini yake akaanza kuandika deni la viti. Deni likafika ishirini na nne ndani ya siku tatu. Nikilala naliona, nikiamka naliona. Nikienda chooni nahisi viti mia mbili na hamsini na kitu vimekaa vinanisubiri.

Wazo la kufuli lilikuwa langu, na nalisema ili asilaumiwe mtu mwingine.

"Nifungie kwa nje," nilimwambia wifi. "Saa mbili mpaka saa sita. Chukua simu yangu, chukua na pochi. Nikikosa pa kwenda nitafanya kazi."

"Wewe si mbuzi, wifi."

"Mbuzi angekuwa ameshamaliza."

Alicheka, lakini hakupenda. Aliniachia chupa ya maji, maandazi mawili na ndoo yenye mfuniko ambayo hatukuijadili. Kisha nikasikia kufuli likibana na hatua zake zikienda.

Nisiwe mnafiki: asubuhi ya kwanza nilihisi raha. Nilifanya vitatu kwa saa nne, na mchana nikafanya kimoja mlango ukiwa wazi. Asubuhi ya pili nikafanya vitatu tena. Nikajua, pale pale, kwamba hiki ndicho kipimo changu. Mwili wangu ulinieleza waziwazi: mama, vinne, mwisho. Nami nikauambia mwili unyamaze, maana ukutani pameandikwa kumi na moja, na kumi na moja nilifanya mimi mwenyewe kwa mikono hii hii. Mtu akikuonea unaweza kumlalamikia. Mimi nilikuwa nafukuzana na mimi, na yule wa mbele alikuwa na siku yake nzuri.

Asubuhi ya tatu ya kufuli nilikaa nikatazama nondo za dirisha mpaka nikazihesabu. Nikahesabu na vivuli vyake. Nilishika mkasi nikauweka. Nilishika kitambaa nikakikunja vizuri, nikakikunjua. Kifua kilibana. Nilitaka kutoka, na hakukuwa na pa kutokea, na aliyefunga nilikuwa mimi. Machozi yalinitoka ya hasira tupu. Ndipo nikashika koleo na bisibisi ili tu nishike kitu, nikavua kiti kimoja. Kikalio kikatoka, pini zikaruka, kitambaa cha zamani kikaachia kwa ile sauti yake, na kifua kikafunguka. Nikavua cha pili. Cha tatu. Nikajisemea kwamba hii ndiyo akili ya viwandani: unavua vyote, kisha unakata vitambaa vyote, kisha unavisha vyote. Nilishangaa kwa nini sikuiwaza mapema.

Wifi alipofungua saa sita, nilikuwa nimevua viti arobaini na sita. Nilimweleza ile akili ya viwandani. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali, na uso wake ulitulia, kwa sababu kwa mtu yeyote mwenye utaratibu ni maneno ya busara. Hata masijala hufungua barua zote kwanza kabla ya kuzipanga.

Ndani ya siku nne nikavivua vyote. Vikalio nilivirundika upande mmoja, fremu upande mwingine, skrubu nikazimimina ndani ya ndoo. Zilijaa ndoo nzima. Nilikuwa naimba.

Sasa nieleze kosa langu, maana kwa asiye fundi halionekani. Viti vile vilikuwa vimetengenezwa kwa miaka mingi na mikono tofauti. Kila kikalio kilitobolewa matundu yake manne kikiwa juu ya fremu yake, na matundu ya hiki hayaingii kwenye fremu ya kile. Yanapishana kidogo, unene wa kucha, lakini skrubu haijui kidogo. Kwa hiyo fundi mwenye akili zake, kabla hajatoa kikalio, anachukua chaki na kuandika namba chini ya kikalio na namba hiyo hiyo kwenye fremu. Mimi nalijua hilo. Nimewafundisha mafundi wawili, na mmoja nilimgombeza kwa sababu hiyo. Kwenye kiti cha kwanza nilisema nitaandika nikimaliza hiki. Kwenye cha pili nilisema dakika tano.

Nililigundua wiki ya pili, asubuhi, mlango ukiwa umefungwa. Nilivisha vikalio vinane vizuri sana, nikakiweka cha kwanza kwenye fremu, skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikagonga mbao. Nikachukua fremu nyingine. Ya pili ikagonga. Nyingine. Nyingine. Nilijaribu fremu kumi na tisa, kisha nikasimama katikati ya ile njia ya ubavu, vikalio mia mbili na kitu kushoto, fremu mia mbili na kitu kulia. Nisingeweza hata kumrudishia mtu viti vyake vibovu. Vilipokuja vilikuwa vimechakaa lakini vinakalika. Sasa havikuwa viti.

Ningeweza kutoboa matundu mapya. Inawezekana, inachukua muda, unaziba ya zamani, unapima, unatoboa taratibu. Ukijumlisha na kuvisha, ni vinne kwa siku. Kila njia niliyoipita ilinirudisha kwenye vinne.

Kufuli likafunguka. "Leo vingapi?" wifi aliuliza, kalamu mkononi.

Mbele yangu palikuwa na vikalio vinane vilivyovishwa. Nilikuwa nimevilaza juu ya fremu ili nafasi ionekane, bila skrubu. Vilipendeza. Kwa macho vilikuwa viti.

"Vinane," nilisema. "Na mchana navuka kumi na moja."

Akaandika.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: kuanzia hapo nilifanya makusudi. Kuvisha kikalio kilicho peke yake ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe iko kwenye kukirudisha. Kwa hiyo navisha, nalaza juu ya fremu yoyote inayokaribiana, nasukuma mstarini. Ishirini na viwili. Ishirini na vitano. Siku moja ishirini na tisa, na wifi akaniletea soda. Deni la viti likapungua kwenye daftari, likafutika. Kila jioni alimpigia meneja simu kumpa idadi, na nilimsikia anavyojidai, mwanamke ambaye hajidai. Nyumbani alimwambia mume wangu mbele yangu, "Kaka, mkeo amebadilika." Mume wangu alinitazama kwa furaha, na mimi nikasukuma sahani pembeni.

Nilijipangia kwamba wiki ya mwisho itakuja siku kama ile, moto utawaka, nitatoboa vyote kwa pamoja. Kila asubuhi niliamka nikijigusa moyoni kama imefika. Haikufika. Nikawa nafungiwa na namba iliyo ukutani, nafungiwa na namba iliyo kwenye daftari, na sasa nafungiwa na mstari wa viti ambao kila siku nilikuwa naurefusha mwenyewe. Mara tatu nilimwita wifi ili nimwambie. Mara zote tatu aliitika haraka, "Abee wifi," kwa uso uleule wenye furaha, na mimi nikaomba uzi.

Zikiwa zimebaki siku sita, meneja akaja kuona.

Alikuja asubuhi, mlango wazi, wifi amevaa vizuri. Meneja alitembea mbele ya mstari, mikono nyuma, akisifu rangi. Nilikuwa kwenye cherehani, nimegeuza mgongo, nakanyaga bila kitambaa. Nilimsikia akisema, "Ngoja nionje," na kabla sijageuka akakaa.

Kikalio kiliteleza naye. Alikwenda chini taratibu kwa namna ya ajabu, pamoja na suruali yake nadhifu, mpaka akakaa ndani ya fremu, magoti yakimgusa kidevu. Hakuumia. Ungekuwa wakati mwingine ningecheka mpaka nilie.

Wifi alimsaidia kusimama. Akaomba radhi. Kisha akakifuata kiti cha jirani, akainua kikalio kama mtu anayefunua sufuria. Kikatoka. Akainua cha pili. Akaendelea na mstari mzima, bila haraka, akifunua na kufunika, akifunua na kufunika, na kila alipofunua nilihisi ananifunua mimi. Vile kumi na saba vya mwanzoni ndivyo vilivyokuwa vimefungwa kweli. Alipovifikia akasimama.

"Hivi ndivyo vilivyopona," alisema. Hakuniuliza.

Meneja alikuwa anajipangusa. "Mama," aliniambia, na alikuwa na heshima kuliko nilivyostahili, "nijibu tu nijue la kufanya. Kwa siku mnaweza vingapi, ukweli?"

Jibu nililijua. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nilimwona wifi amesimama pale na daftari lake, nikaona siku sita, na ndani yangu kitu kikaruka kama kawaida yake, kikaona kabisa kwamba inawezekana, nikiamka mapema, nikiacha kula.

"Arobaini na kimoja," nilisema. "Nipe siku sita tu."

Wifi alifumba macho.

Lori lilirudi kesho yake. Meneja alikuwa amepata mafundi watano sehemu nyingine, wenye kugawana kazi, na wakikwama atakodi viti vya plastiki. Walipakia fremu, wakapakia vikalio, wakapakia na ile ndoo ya skrubu. Nilisaidia kubeba. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa. Lori lilipoondoka karakana ilibaki na yale makochi saba ukutani, cherehani, na vumbi la mwezi mzima. Wifi alifagia. Mimi nilishika beleshi la takataka, akanisukumia vumbi ndani yake, tukafanya hivyo kona moja hadi nyingine.

Alipomaliza aliegemea ufagio.

"Mwezi haujaisha," alisema. "Zimebaki siku tano. Nitakuuliza mara moja, wifi, na sitaki siku ile. Siku ile niliiona. Nataka siku zako nyingine zote. Unaweza vingapi?"

Nilijua ni namba gani ingembakiza. Ilitosha niseme nane, kwa sauti yenye matumaini, niongeze kwamba nimejifunza. Angebaki. Anapenda kazi hii, na ananipenda mimi, japo hatuambiani. Angenunua daftari jipya, na kila asubuhi tungeanza upya, yeye akiandika nane na mimi nikitafuta mahali pa kuficha nne zinazopungua, mpaka mmoja wetu azeeke. Nilihisi hofu kubwa kuliko siku meneja alipokaa.

"Vinne," nilisema. "Na kwa wiki kuna siku mbili sifanyi hata kimoja. Sijui zitakuwa siku gani. Zinakuja tu."

Alisubiri. Sikuongeza kitu, na kutoongeza kulinichosha kuliko kubeba viti.

"Na ukipata siku kama ile?"

"Unisimamishe kwenye vinne. Nikiendelea, siku zinazofuata zinakufa. Nilipofanya vile kumi na kimoja nililala na viatu, na kesho yake asubuhi vidole havikuweza kufunga hata kifungo. Hukujua kwa sababu nilikwambia tumbo linauma."

Wifi aliangalia juu kidogo, midomo ikisogea. Hakuhitaji daftari. "Kumi na sita kwa wiki."

"Kumi na sita."

"Kila wiki."

"Kila wiki naweza. Hata mwaka mzima."

"Kwa nini hukuniambia tangu tulipoanza?"

"Kumi na sita vinamlisha mtu mmoja tu," nilisema. "Ungeondoka."

Hakukataa. Alisimamisha ufagio ukutani kwa uangalifu, kama anavyosimamisha kila kitu, kisha akanijia akanishika mabega yote mawili. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa na hasira.

"Nakuamini," alisema.

Miaka kumi na minne tangu niolewe na kaka yake, hakuwahi kuniambia neno hilo juu ya jambo lolote lenye namba ndani yake. Wala mtu mwingine hajawahi. Nilitaka alirudie.

Akatoka nje akapiga simu. Nilimsikia kupitia dirishani, sauti yake ya ofisini, tulivu, ya mtu ambaye hatimaye amepewa karatasi iliyojazwa vizuri. "Ndiyo, bosi. Jumatatu naripoti. Hapana, hakuna tatizo, tumemalizana vizuri." Nilikaa sakafuni katikati ya chumba. Kwa mara ya kwanza mwezi mzima palikuwa na nafasi ya kupita upande wowote niliotaka, na mlango ulikuwa wazi, na sikuweza kunyanyuka.